UZI: Warsha yangu ya kwanza ya wabunifu wa kujitegemea hapa Dar. Hesabu zote na aibu zote

#1 Brashi_Kavu

Wakuu, salaam.

Nimekaa na jambo hili wiki mbili nikijiuliza niliandike au nilimeze. Nimeandaa warsha yangu ya kwanza ya ana kwa ana, siku moja, kwa watu wanaoishi kwa kazi za ubunifu bila mwajiri: madizaina, wapiga picha, wahariri wa video, wachoraji, na jamaa mmoja anayeandika matangazo ya redio. Mada moja tu, bei na ankara. Kiingilio cha kulipia. Watu 20 walikaa ukumbini Kijitonyama na mimi mfukoni nimebaki na shilingi 26,000.

Naweka kila kitu hapa kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu wa kunielekeza, niliowapata wote walikuwa wa "anza na ulichonacho" na "iamini ndoto yako". Hakuna aliyeniambia niagize sahani ngapi.

Kwa wasionijua, mimi ni dizaina wa nembo na vifungashio, huu mwaka wa tisa. Lebo za asali, mifuko ya unga, chupa za pilipili.

Nianze na tangazo, maana ndiko nilikopigwa kwanza.

Bango la kwanza nililitengeneza siku tatu. Dizaina akijitengenezea mwenyewe hana wa kumwambia basi inatosha. Picha yangu nimekunja mikono, rangi ya dhahabu, maandishi "WARSHA KUBWA: KUZA KIPAJI CHAKO KIWE BIASHARA". Nikalitupia Instagram, nikaweka stetasi, nikalimwaga kwenye makundi 11 ya WhatsApp. Siku nne nzima napokea vidole gumba, "hongera kaka", "Mungu akutangulie". Aliyelipa hakuna. Nikalipia tangazo Instagram sh 45,000. Likaja jeshi la "bei?" Ukitaja bei, kimya kama msibani. Wengine wakauliza swali ambalo kwa Mtanzania ni halali kabisa: "Kuna posho?"

Kurudi kusoma maelezo yangu, nakuta nimeandika "semina". Jamani! Nchi hii ukisema semina mtu anasikia bahasha, nauli na kalamu ya bure. Nikalifuta neno hilo kila mahali.

Aliyeniokoa ni dada yangu, fundi cherehani wa Manzese. Alilitazama bango akauliza, "Sasa mtu akitoka hapo anakuwa na nini mkononi?" Nikajiumauma. Akasema, "Mimi mteja namwambia Ijumaa jioni unavaa. Simwambii nitamkuza kimavazi."

Usiku huo huo nikaandika upya. Hakuna picha yangu, herufi nyeusi juu ya rangi ya khaki:

"Leta kazi moja ambayo mteja hajakulipa. Utatoka na ankara yake imeandikwa, na mkataba wa kurasa mbili wa mteja ajaye. Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Nafasi 25. Sh 30,000, chai na chakula cha mchana humo humo. Kumi wa kwanza 20,000."

Safari hii sikulimwaga makundini. Nilitoa kwenye simu majina 40 ya watu ninaozijua kazi zao, nikawapigia mmoja mmoja. Nasema kupiga, siyo kutuma ujumbe. Mtu ukimtumia bango anakurudishia kidole gumba, ukimpigia anaanza kukusimulia mteja wake wa Masaki anayekaa na laki nne yake tangu mwezi wa pili. Jioni tano ziliishia kwenye simu, sikio likawa la moto. Ila hapo ndipo nilipojua hata cha kufundisha, kwa sababu karibu kila mtu alinipa kidonda kile kile: hana karatasi yoyote inayoonyesha walikubaliana nini.

Kwenye fomu ya mlangoni niliuliza "umesikia wapi?" Watu 11 nilikuwa nimewapigia mwenyewe, 6 waliletwa na hao 11, 2 waliona kundini, 1 aliona tangazo la kulipia. Huyo mmoja nimemnunua kwa 45,000 akaniingizia 30,000.

Malipo ilikuwa Lipa Namba, na jina halikuingia orodhani mpaka muamala usome. "Niwekee nafasi kaka, nalipa mwisho wa mwezi" nilizipata 14. Wote niliwajibu kwa adabu kwamba nafasi inajiweka yenyewe ukishalipa. Watatu kati yao walikuja kulipia mlangoni, waliobaki sijawasikia tena.

Hesabu sasa.

Kuingia:
Kumi wa kwanza kwa 20,000 = 200,000
Tisa kwa 30,000 = 270,000
Watatu wa mlangoni = 90,000
Jumla 560,000

Kutoka:
Ukumbi 180,000
Chai na vitafunwa, watu 22 kwa 2,500 = 55,000
Mchana, sahani 22 kwa 6,000 = 132,000
Maji 15,000
Kuchapa, kurasa 200 kwa shilingi mia = 20,000
Tangazo Instagram 45,000
Vocha na bando 15,000
Umeme wa LUKU 10,000 (hii ina hadithi yake)
Bajaji 12,000
Kifuta jasho cha dada mhasibu aliyekuja kuongelea kodi 50,000
Jumla 534,000

Mnaona sahani 22 kwa watu 20? Mimi na mgeni. Wawili waliolipa hawakuja, watatu wa mlangoni wakajaza pengo, sahani zikalingana kama nilipiga ramli.

Siku yenyewe naileta hapo chini, ngoja nile kwanza.

#2 Siti_ya_Mbele

Nimewahi siti, kahawa mkononi. Hiyo "kuna posho" nimecheka mpaka mtoto kaamka.

#3 Mzee_wa_Tripodi

Kijana, umeandika vizuri, ila umewaalika wapiga picha JUMAMOSI? Nani alikushauri? Jumamosi ndiyo shamba letu. Asubuhi saluni na bibi harusi, mchana kanisani, jioni ukumbini, unafika kwako saa nane usiku na betri zote zimekufa. Ijumaa sendofu, Jumapili kitchen party. Hao wawili waliolipa wasije nakuapia walikuwa kazini.

Jumanne au Jumatano ndizo siku zetu za kukaa nyumbani tunahariri na kugombana na watoto. Ukiweka Desemba hata hiyo Jumanne usitupigie.

#4 Brashi_Kavu

Shikamoo mzee wangu. Umenikamata. Wote wawili walikuwa harusini, mmoja Kibaha, mwingine Mbezi Beach. Mimi kazi yangu ni ya mezani, Jumamosi kwangu ni siku ya kupumzika, nikadhani na wenzangu ni hivyo hivyo. Wapiga picha waliokuja walikuwa watatu tu, na mmoja alimwachia mdogo wake kamera.

#5 Mzee_wa_Tripodi

Marahaba. Huyo mdogo wake naye kesho anafungua studio yake, utaona.

#6 Sina_Presha

Mkuu usikasirike. Kila siku tunaona watu walioshindwa kazi yenyewe wanageuka walimu wa hiyo kazi. Leo forex, kesho kuku wa kienyeji, keshokutwa "warsha ya wabunifu". Hivyo vitu vya ankara si vimejaa YouTube bure? Mtu alipe 30,000 aoneshwe namna ya kuandika "jumla kuu"?

#7 Brashi_Kavu

Sikasiriki, hata mimi ningeuliza. Lakini YouTube haikuambii mwenzako wa mtaa wa pili anatoza ngapi. Kitu cha kwanza tulichofanya asubuhi, kila mtu aliandika kwenye kikaratasi, bila jina, bei yake ya mwisho. Nikazisoma kwa sauti. Nembo: 30,000. Nembo: 80,000. Nembo: 800,000. Watu wakageuka kutazamana. Baadaye wa 30,000 na wa 800,000 wakajitaja wenyewe, wote wanaishi Sinza, na wa 30,000 ana mkono mzuri kuliko mwenzake. Mimi siwezi kufundisha kitu kama kile, kazi yangu ilikuwa kutafuta chumba kitakapotokea.

Na sijaacha kazi. Jana nilikuwa kwenye mashine ya kuchapa mpaka saa nne usiku nasubiri lebo za pilipili, kijani imetoka kama dawa ya mbu.

#8 Brashi_Kavu

Haya, siku yenyewe.

Saa 3 kamili walikuwepo wanne. Tangazo linasema saa 3. Nikafanya kosa la waungwana, nikasema tuwasubiri wenzetu. Tukasubiri mpaka saa 3 na dakika 40. Wale wanne waliowahi, mmoja katoka Kibamba tangu alfajiri, ndio niliowaadhibu kwa kuwahi kwao. Nilipoanza walikuwa 13, wengine wakaingia mmoja mmoja na "samahani, foleni".

Saa 5 na dakika kumi hivi projekta ikazima, feni zikazima. Nje korido mita inalia pii, pii, pii. Mlinzi wa jengo akaniambia kwa utulivu wa mtu aliyeshasema hivyo mara mia, "Ukumbi mmelipia, umeme ni wenu." Kwenye makubaliano hatukuwa tumeandika. Mimi! Mwalimu wa mikataba!

Nikanunua LUKU kwa simu. Tarakimu 20. Binti mmoja anasoma namba kwa sauti, jamaa anabonyeza, mita ikakataa. Wakarudia. Ikakataa tena. Kumbe pale kati anasoma "sita sita", mwenzake anabonyeza sita moja. Mara ya tatu ikakubali na ukumbi mzima ukapiga makofi kana kwamba tumefunga goli.

Kabla umeme haujarudi tulikuwa tumeshahamia ubaoni. Yule mpiga picha aliyemwachia mdogo wake kamera alijitolea tuchambue bei yake ya harusi, 150,000. Nikaandika namba huku yeye anataja. Kukodi lenzi 40,000. Msaidizi 30,000. Usafiri 20,000. Flashi na bando la kumtumia mteja picha 10,000. Imebaki 50,000. Nikamuuliza, kuhariri siku ngapi? "Nne." Na siku ya harusi yenyewe, tano. Hamsini gawa kwa tano.

Hakuna aliyecheka. Alivuta kiti akakaa, akasema taratibu, "Kwa hiyo mwenye lenzi anapata 40,000 kwa siku moja amelala, mimi 10,000 nimesimama."

Slaidi nilikuwa nimeandaa 38. Nilizotumia hazikufika kumi.

Baada ya chakula (pilau, kachumbari, ndizi moja moja) kila mtu alitoa ile kazi yake ambayo hajalipwa akaandika ankara. Hapa nilijifunza usiwape watu fomu tupu. Mtu mzima akiona karatasi tupu ya fedha anaanza kuuliza rangi ya nembo iwe ipi. Nilipowagawia ankara yangu halisi, jina la mteja limefutwa, kila mtu alimaliza ndani ya nusu saa.

Mkataba wa kurasa mbili una mambo machache. Nusu ya malipo kabla ya kazi kuanza. Marekebisho mara mbili, ya tatu yanalipiwa. Mteja anaona kazi ikiwa na alama juu yake, faili la kuchapisha halitoki mpaka hela iingie yote. Na tarehe ya mteja kujibu, maana kuna wateja wa kukaa kimya wiki sita halafu Jumapili usiku anakuambia anaihitaji kesho asubuhi.

Dada mhasibu alikuwa na nusu saa, ikawa saa nzima. Kilichowashtua wengi ni kodi ya zuio. Kampuni ikikulipa kwa huduma yako ya kitaalamu hukata asilimia 5 na kuipeleka TRA, mamlaka ya mapato. Nusu ya chumba walidhani ni mhasibu wa kampuni anawaibia. Akasema usigombane, omba cheti cha hiyo kodi ya zuio ukitunze, inahesabika kwenye kodi yako ya mwaka. Usipokiomba, umechangia taifa mara mbili.

#9 Binti_wa_Vibonzo

Mimi nilikuwepo, ndiye niliyekuwa nasoma namba za LUKU. Na nilisema "sita, tena sita", naomba historia irekebishwe.

Warsha ilikuwa nzuri na hela yangu nimeiona. Ila kaka Brashi kuna jambo hujaliandika hapa na nilikuambia uso kwa uso. Jioni ile ile ulitufungulia kundi la WhatsApp ukatuingiza wote bila kuuliza. Namba yangu ya kazi ndiyo namba yangu ya nyumbani. Kufika Jumanne nina jumbe tatu za "mambo mrembo, tulikaa meza moja", na mmoja ambaye hakuwepo kabisa ananiuzia bima. Bima! Kaipata wapi namba?

#10 Brashi_Kavu

Dada yangu, nakubali mbele ya umma. Sikuuliza. Nilidhani nawafanyia fadhila. Kundi nimelifunga, nikaanzisha lingine ambalo anayetaka anaingia mwenyewe kwa kiungo. Warsha ijayo fomu itakuwa na mstari wa kuchagua: nipigie tu / niweke kundini / usinitafute. Na mwingine wa picha, kama unakubali sura yako iwekwe mtandaoni.

#11 Wakili_wa_Kijiweni

Na siyo adabu tu, ndugu mwandaaji. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Namba ya simu ya mtu ni taarifa yake binafsi. Umeichukua kwa ajili ya warsha, basi itumike kwa warsha.

Halafu naona bei na ankara mmemaliza, hakimiliki hamkugusa? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inailinda kazi tangu inapotengenezwa. Si lazima uisajili ndipo iwe yako, ingawa cheti cha COSOTA, ofisi ya hakimiliki, husaidia mkifika mahali pa kubishana. Kwenye huo mkataba wa kurasa mbili andikeni kwa maneno mnachouza ni nini: mchoro wenyewe, au ruhusa ya kuutumia kwenye mifuko ya unga peke yake. Yametupa kazi nyingi sana sisi watu wa sheria hayo, na siyalalamikii.

#12 Brashi_Kavu

Tuliigusa kwa dakika tano na haikutosha. Hiyo ina warsha yake. Uko tayari kuja kwa kifuta jasho cha 50,000 na pilau?

#13 Wakili_wa_Kijiweni

Nyama ziwe mbili.

#14 Mwana_wa_Mji_wa_Kale

Hamjambo ndugu zangu. Mimi niko Mombasa, nachora hina na napiga picha za maharusi. Huu uzi nimeusoma wote huku nasikia uchungu, kwani mimi yangu nalifanya ya bure. Nalidhani bure ndiyo itakayoleta watu. Walijiandikisha sitini. Mamangu akapika mahamri ya watu sitini na mbaazi sufuria mbili. Waliokuja tisa, na wawili katika hao ni binamu zangu walofuata mahamri. Tulikula mbaazi siku tatu, mwenzangu.

Ya pili nikatoza shilingi 500 zetu za Kenya, za kuingia kwa Till, namba ya malipo ya simu, kabla ya siku. Wakaja kumi na wanane katika ishirini. Mafunzo ni yale yale, mwalimu ni mimi yule yule.

Kuhusu siku, huku kwetu mwezi wa Ramadhani harusi hamna. Zimejaa Shaabani watu wakikimbilia kuoana, kisha kimya mpaka Idi. Wapiga picha wote na wachora hina wako majumbani. Mimi huweka baada ya tarawehe, saa tatu na nusu usiku mpaka saa sita, kahawa chungu na kaimati. Mji uko macho, hapana anayesema foleni. Jaribuni.

#15 Mzee_wa_Tripodi

Huyu anajua kazi. Na kwa wenzetu Wakatoliki Kwaresma ndiyo msimu wa ukame, harusi hupungua sana. Ukiweka warsha hapo tunakuja na tuna muda wa kusikiliza, tatizo linakuwa nauli.

#16 Karafuu_Tupu

Kwa Zanzibar ongezeni hili: mwezi wa pili wakati wa tamasha la muziki la Sauti za Busara msiweke kitu. Kila mwenye kamera yuko Ngome Kongwe, na asiye na kamera yuko Forodhani anakula urojo.

#17 Sangara_Mbichi

Wakuu niko Mwanza. Natamani kufanya kitu kama hiki kwa mafundi wa kuchora mabango na wahariri wa video, tupo wengi ila kila mtu kivyake. Swali kwa mwanzisha uzi: 30,000 huku naona ni kubwa. Nikiweka 20,000 si watakuja wengi zaidi nikapata kile kile? Na ukumbi nianzie wapi?

#18 Brashi_Kavu

Sangara, swali hili nililikosea mimi mwenyewe, kalamu shika.

Tenga matumizi mafungu mawili. Kuna yale yasiyojali wamekuja wangapi: ukumbi, tangazo, mgeni, kuchapa, usafiri, na usisahau sahani yako na ya mgeni. Kwangu yalifika 364,000. Halafu kuna yale ya kila kichwa, yaani chai na chakula, 8,500.

Mtu akilipa 30,000, toa 8,500, anakuachia 21,500 za kulipia lile fungu la kwanza. Ukigawa, nilihitaji watu 17 nisiingie hasara. Akilipa 20,000 anaacha 11,500 tu. Hapo ningehitaji watu 32. Ukumbi wangu una viti 30! Yaani ningejaza mpaka mlangoni, watu wakisema "umeupiga mwingi", na mimi narudi nyumbani na deni. Hesabu hii niliifanya siku tatu kabla ya warsha, saa saba usiku, tayari nimeshauza nafasi kumi za 20,000. Jasho lilinitoka nikiwa kitandani. Wa punguzo wangetosha watano.

Kwa hiyo ukitaka kushusha bei, usianze na kiingilio, anza na fungu la kwanza. Toa tangazo la kulipia, piga simu. Toa pilau, fanya nusu siku, saa 3 hadi saa 7, chai ya maziwa na chapati mbili watu wakale makwao. Mama lishe wa jirani ni bora kuliko kampuni ya chakula, ila mlipe nusu ya hela siku moja kabla, naye ana soko la kwenda alfajiri.

Ukumbi: usianze na mahoteli. Tafuta darasa la chuo siku halina watu, ukumbi wa parokia, ofisi ya mtu mwenye meza kubwa. Hapa Dar kuna maeneo yanayolea wasanii kama Nafasi Art Space pale Mikocheni na Alliance Française, mtu wa Dar aanze kwa kwenda kuuliza huko. Mimi sikuuliza, niliona haya, nikaenda kulipa 180,000. Popote utakapopata nenda ukakae saa nzima, saa ile ile utakayofundisha. Mimi niliuona ukumbi jioni, kumepoa. Saa nane mchana jua lilikuwa linaingia dirisha la magharibi moja kwa moja kwenye ukuta wa projekta. Uliza umeme nani ananunua. Uliza choo. Uliza jirani ana nini siku hiyo, maana chini yangu kulikuwa na duka la spika na jamaa anazijaribu.

#19 Binti_wa_Vibonzo

Uliza na ngazi. Tulikuwa ghorofa ya pili na mwenzetu mmoja anatembelea magongo. Alipanda, hakulalamika, lakini wakati wa chai hakushuka.

#20 Brashi_Kavu

Kweli. Vikombe tulivileta juu kwa aibu. Ya pili itakuwa chini.

#21 Sina_Presha

Haya, nimesoma mpaka hapa, narudisha nusu ya maneno yangu. Nusu nyingine nabaki nayo: maandalizi yote hayo kwa faida ya 26,000 na unatufundisha bei? Ulijilipa ngapi?

#22 Brashi_Kavu

Sikujilipa. Umenipiga pale pale. Kwenye ubao nilimwuliza mpiga picha kuhariri siku ngapi, mimi simu za jioni tano sikuziandika popote. Ya pili ina mstari "mwandaaji" kwenye matumizi, laki moja na nusu, na ikishindikana kuipata kwenye hesabu basi siifanyi. Ukweli mwingine ni kwamba watu wawili wa ukumbini wameshanipa kazi, lebo za sabuni na jalada la kitabu cha watoto. Ila sikulipanga, kwa hiyo silihesabu.

#23 Siti_ya_Mbele

Ya pili lini? Na je, mtu wa mwisho wa mwezi anaruhusiwa?

#24 Brashi_Kavu

Jumatano, mzee kashashinda kesi. Tarehe bado, nasubiri jibu la chumba kimoja cha chini Mwenge. Nafasi 20, watano wa kwanza wana punguzo, tunaanza na waliopo saa 3 kamili hata akiwa mmoja. Mtu wa mwisho wa mwezi anakaribishwa mwisho wa mwezi.

#25 Binti_wa_Vibonzo

Kabla hamjafunga, ankara yangu niliyoiandika pale nimeituma Jumatatu. Michoro 14 ya kitabu, deni la tangu mwaka jana. Mteja kajibu leo asubuhi. Neno moja la pole hakuna, shida yake namba ya mlipakodi, kaandika: "Haina TIN."

#26 Brashi_Kavu

Amejibu! Miezi yote hiyo alikuwa hajibu. Weka TIN, weka namba ya ankara juu kulia, itume tena leo kabla ya saa kumi, halafu mpigie mhasibu wao, usimpigie yeye.

#27 Binti_wa_Vibonzo

Naituma sasa hivi. TIN ninayo, ilikuwa kwenye droo na kadi ya kliniki.